Ingieni na Biatu

Mutu akifika kwangu na kuinama ku mulango ili atoshe biatu, ninamukataza. Ninamuambia: ingia hivyo hivyo. Bengine banabishana, banasema, madame, kuna matope. Ninajua kama kuna matope. Nilizaliwa Butembo, nilifundisha batoto ba hapa miaka mingi, kila asubui ya mvua tulikuwa tunapangusa matope ku banc mbele ya kuanza kusoma, mutu asije kunifundisha matope. Ingia na biatu byako, ao rudia kwako. Banaingia, banakanyaga na woga, kisha banaangalia chini. Banaona mbao ya salon yangu, na yale maduara nyeusi ya moto, na mikato ya shoka. Hapo njo mashauri inaanza. Madame, ita fundi. Madame, leo kuna mashini ya kusugua, kuna moja Beni, inamaliza salon mu siku moja. Ninabaacha baseme mpaka bachoke, kisha ninaenda kuleta chai.

Ile mbao inaitwa libuyu. Ni muti mukali ya pori, nyekundu ndani, na ukiikata inanuka bizuri. Papa yangu aliileta yote ku lori yake. Alikuwa anafanya njia ya Beni na Eringeti, anashuka na maharagwe na biazi ya huku kwetu ku baridi, anapanda na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya kupikia, na kila safari juu ya mizigo kulikuwa mbao mbili ao tatu. Mama alinuna sana. Alisema batu bengine banarudiaka na sukari. Miaka mitatu mbao ilipangwa nyuma ya nyumba, inakauka polepole chini ya mabati, na batoto tulikatazwa hata kukalia pale. Kisha papa aliita fundi, bakaipigilia mu salon, kutoka ku dirisha mpaka ku koridori. Mu kartie yetu batu balikuwa na simenti, na benye habakuwa na simenti balikuwa na udongo. Sisi tulikuwa na mbao, na papa alikuwa na kiburi yayo mpaka haya ilinishika.

Vita ya kwanza ilibeba lori. Basoda balisema banaiazima tu, bataileta, na papa alikaa miezi mingi akisikiliza kila motere yenye inapanda mulima. Mama alikufa mu kati ya ile vita na ile yenye ilifuata. Ku ya pili, mi na papa tulikuwa babili tu mu nyumba, papa muzee bila kazi, miye mwalimu mwenye serikali ilisha sahau. Nyumba njo kitu ya mwisho tulikuwa nayo. Hakukuwa shamba, hakukuwa ndugu mwenye fasi, hakukuwa duka. Tukipoteza nyumba, tunalala mu barabara. Ninasema hivi mapema juu mutu asiniulize nyuma kama kwa nini nilifanya yenye nilifanya.

Basoda ba kwanza balifika saa ya chai. Balikuwa kumi na moja. Balisema banatafuta fasi ya kulala siku mbili, bakakaa miezi ine. Mi na papa tulihamia mu jikoni ya inje. Balileta babula, yale majiko ya bati ya kutia makala, na baliweka moja kwa moja juu ya mbao, hata tofali moja chini yake hapana. Mvua ikinyesha, balipasua kuni mulemule mu salon. Mumoja alikuwa na pikipiki, aliilaza ku dirisha, mafuta ikashuka usiku na muchana. Mi nilikuwa nikipita mu koridori na maji yabo, na kila siku nilikuwa ninahesabu maduara ya moto. Siku yenye balienda, bila kuaga, maduara ilikuwa saba. Nilibachukia bale batu na ninabachukia hata leo. Nilisha ungama mambo mingi kwa padri, lakini ile sikuiungama, na sifikiri nitaiungama.

Papa aliingia mu salon, alisimama kati, kisha alisema:

«Tutaisugua.»

Nilimuangalia. Nilizania ni huzuni inasema.

«Papa, tuiache hivi. Hivi iko salama.»

Kwa sababu wakati ule Butembo yote ilisha jifunza kuwa mubaya. Si roho, roho ni mambo ingine. Ninasema manyumba. Komanda akipita mu kartie akaona nyumba inangaa, anauliza mwenyewe ni nani, na kesho mwenyewe analala kwa shemeji. Donc batu balichafua. Bengine balikwaruza rangi ku kuta. Bengine baliondoa mapazia, bakapanda lengalenga mpaka ku mulango, bakafungia mbuzi mu salon. Jirani yetu ya kuume, tulikuwa tunamuita mama ya mapacha juu alizaa mapacha, yeye alikuwa na simenti nyekundu yenye alikuwa anapakaa siraji ya kungarisha kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, anapiga magoti, anaimba. Vita ilipofika aliimwangia udongo na kuitandikia mikeka ya zamani. Bwana yake alikuwa ameshuka Beni kwa biashara ya kakao na habari yake ikakatika. Alikuwa peke yake na batoto babili badogo na simenti yake chini ya mikeka. Ule mwanamuke alikuwa na akili. Papa yangu, hapana.

«Mama yako tulimulaza hapa siku mbili mbele ya kumuzika,» papa aliniambia. «Na miye munatakaka munilaze juu ya masizi ya basoda?»

«Papa, ukisha kufa hautaona masizi.»

Alininunia siku tatu. Siku ya ine nilisikia krr, krr, krr mu salon. Nilimukuta ako ku magoti, muzee ya miaka yake, na kipande ya kioo mu mukono, anakwaruza duara ya kwanza. Damu ilikuwa ku kidole. Nilimunyanganya ile kioo, nilimutukana kidogo, mu roho ninasema, si kwa mudomo, kisha nilipiga magoti pembeni yake. Ningefanya nini? Ningemuacha afie pale?

Tulifunga madirisha, tukafanya ile kazi miezi miwili. Kwanza tulizamisha misumari, moja moja, na nyundo na chuma ya ncha, juu kioo ikikuta kichwa ya musumari inavunjika na kukukata. Nyuma tulipiga rabo, ile randa ya fundi, fasi ya mikato ya shoka. Nyuma tulikwaruza na bipande bya kioo, bioo bya dirisha byenye basoda balivunja. Mafuta ya pikipiki tuliitosha na jivu ya moto, tunaiweka, tunaifagia, tunaiweka tena. Kisha majani. Karatasi ya kusugulia haikukuwa ku soko, barabara ilikuwa imefungwa, mais mama mumoja wa pande ya Beni alikuwa anapandisha majani ya muti fulani, makali juu kama ulimi ya ng'ombe. Bazee bote balitumiaka ile majani ku mipini ya majembe. Unasugua mpaka jani inakufa mu mukono, unatupa, unakamata ingine. Vumbi nyekundu ya mbao ilikuwa inajaa ku pua, ku kope, mu ugali. Haikufaa mutu aione, njo nilikuwa ninaibeba mu ndoo na kuizika chini ya poaro yetu, ile mboga sawa kitunguu, ku bustani. Ile mwaka poaro ilikataa kuota.

Na papa akinisimamia. Ule mutu alikuwa na sheria moja tu na aliirudia kutoka asubui mpaka magaribi: fuata mishipa. Mubao iko na mishipa yake, inalala kutoka huku kuenda kule, na mukono yako inapashwa kulala nayo. «Unakata mishipa,» alikuwa anasema nyuma ya mugongo yangu, hata kama sikuwa ninakata. «Unakata mishipa, mama. Ukivuka mishipa, ile alama haitatoka hata ukifa.» Kuna siku nilisimama, nilimutupia jani ku magoti yake na kumuambia afuate mishipa yeye mwenyewe. Nilienda kulia jikoni. Niliporudi alikuwa amesugua mubao muzima na alikuwa ananiachia fasi ya kupiga magoti, alikunja hata gunia mara mbili juu magoti yangu isiumie. Hakuomba musamaha. Miye pia.

Ku mwisho tulipakaa nta. Verni ya kungarisha mbao haikukuwa. Mutu ya Kasugho alitupatia nta ya nyuki kutoka ku pori kule, tuliiyeyusha na petroli ya taa, tukaipakaa na nguo ya zamani ya mama, tukaisugua tena na soksi. Siku yenye tulimaliza, papa alifungua dirisha moja kidogo. Jua iliingia chini. Mbao yote iliamuka, nyekundu, na mistari yake yote, na mi nilikaa chini mu koridori na mikono yenye haikuweza hata kufunga, na niliona kama iko muzuri. Ninasema ukweli: niliipenda kuliko papa aliipenda. Nilikuwa ninaamuka asubui naenda kuiangalia. Papa alikuwa ananiona na kucheka kidogo.

Hapo njo shirika ikafika kwetu.

Shirika ni bakristu ba kartie. Kila Kazi Ine, siku ya ine ya kazi mu juma, saa kumi banakutanika mu nyumba ya mumoja, banasali rozari, banasoma Injili, kisha juma yenye inafuata ni ku nyumba ingine. Tulikuwa tumekwepa zamu yetu tangu basoda bafike. Sasa basoda bameenda, tutasema nini? Mukubwa ya shirika alisema Kazi Ine ni kwetu, na mutu hakatalie Mungu mulango.

Papa alisema: «Baingie na biatu byabo. Mubao ni ya kukanyaga.»

Miye nilisema haiwezekani.

«Mama, baache baingie. Bataona chini ni giza, dirisha imefungwa, hakuna mwenye ataangalia.»

«Papa, batu makumi mawili na matope ya Butembo? Uliona mikono yangu?» Nilimuonyesha mikono. Alinyamaza. Mpaka leo ninatamani asingenyamaza. Angenipiga kofi ya kibaba, angenifungia jikoni, ningemushukuru.

Kazi Ine nilisimama ku mulango na kila mutu mwenye alifika nilimuambia atoshe biatu. Mama ya mapacha alikuwa wa kwanza. Alitosha sandali zake za plastiki, akatosha na za mapacha, aliweka muguu juu ya mbao, akaniangalia na macho kubwa.

«Madame,» alisema polepole, «ni kama mu kanisa. Wasingya.»

Alinishukuru na kinande, sawa vile batu banashukuru mutu mwenye amebapa kitu. Roho yangu ilijaa. Na juu roho yangu ilijaa, nilikamata bile biatu byote na kubipanga inje ku veranda, mistari miwili, bisigino ku ukuta, sawa ninapanga batoto ba primere mbele ya bendera. Sandali, bottes za bustani, zile ndefu za mpira, biatu byeusi bya mukubwa ya shirika. Jozi makumi mawili na moja. Bilikuwa bizuri kuona. Kisha niliingia na kufunga mulango na tukaanza Salamu Maria.

Tulikuwa ku fungu ya tatu wakati nilisikia sauti ku veranda.

«Hapa ni muskiti?»

Ilikuwa sauti ya mutu anacheka. Mulango ilifunguka. Komanda alikuwa mupya, kundi yake ilifika Butembo mu ile mwezi, na alikuwa anapita tu na basoda babili nyuma. Kuna Baislamu mu muji, ni bachuruzi na ba lori, alijua muskiti yabo iko wapi. Lakini hapa alisikia Salamu Maria, na akaona biatu makumi mawili na moja bimepangwa inje, na alijiuliza, na mutu yeyote mwenye akili angejiuliza: ni nyumba gani mu hii muji ya matope yenye batu banaogopa kuikanyaga?

Aliingia na bottes. Rozari ilikufa mu midomo yetu. Alitembea mpaka kati, ko, ko, ko, aliangalia chini, akaambia soda mumoja afungue madirisha yote. Jua ikaingia. Alichuchumaa. Alipitisha mukono yake juu ya mbao, polepole, kwa kufuata mishipa, na ile ilinikasirisha kuliko bottes. Alikuwa anaipapasa sawa mwenyewe.

«Nani alifanya hii kazi?»

Na papa yangu, ule papa yangu, alisimama. Kiburi ilimuinua. Alisema: «Ni miye na binti yangu.» Na akaeleza. Alieleza kioo, alieleza jivu, alieleza majani na nta ya Kasugho, alieleza hata namna ya kuzamisha misumari, na komanda alikuwa anaitika na kichwa, anauliza maulizo ya mutu anayejua mbao. Mi nilikuwa ninaangalia rozari yangu na kutamani mabati ituangukie bote.

Papa alipomaliza, komanda alisimama, alijipangusa magoti.

«Ndako kitoko, muzee. Nyumba muzuri kweli. Kesho kutwa, posho, nitahamia hapa. Hapa njo nitapokea bakubwa bangu bakifika. Mukuwe mumesha toka saa ine.» Alisema bila kelele, sawa mutu anaagiza chai. «Na musiguse kitu.»

Alitoka, na alivuka ile mistari ya biatu bila kugonga hata sandali moja.

Hakuna mwenye alimalizia rozari. Batu balivaa biatu haraka haraka, bengine bakabeba mu mukono. Mama ya mapacha njo alibakia, alinisaidia kurudisha mabanc, akanishika bega. «Pole, madame,» alisema. «Mungu ataona.» Nilikuwa ninaangalia alama ya botte kati ya salon.

Papa hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Tulikaa jikoni, tuliangaliana, na kila mutu alijua kosa yake ilianzia wapi: yake ilianza miaka mingi mbele, yangu ku ile saa ya kupanga biatu. Alisema tutaenda kwa nani? Nilitafuta jina, sikupata. Kisha niliuliza shoka iko wapi.

Alielewa mara moja. Alisukuma kuni mu moto.

«Unajua nilileta ile mbao namna gani,» alisema.

«Ninajua, papa.»

«Basi kesho nitaenda ku misa ya asubui. Nitakawia.»

Kazi Tano, papa akisha toka, niliwasha babula mbili mu lupango, ku uwanja ya nyumba, nilizipuliza mpaka makala ikawa nyekundu, niliziingiza mu salon na kuziweka juu ya nta. Nta ilianza kulia kidogo, kisha ikatoa moshi, kisha mubao ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Nikisha ona duara moja imeingia ndani, nasogeza babula, naanza ingine. Mu kati nilipiga shoka. Nilianza kwa kufuata mishipa, mukono ilizoea, mais alama ilikuwa ndogo, haikuonekana. Njo niligeuka na kukata kwa kuvuka mishipa, na nguvu yote, na kila mara nilikuwa ninasikia sauti ya papa nyuma ya mugongo.

Saa tatu mama ya mapacha aliniita ku lupango. Alikuwa anasimama ku fensi na kipande ya chungu mu mukono.

«Madame, uko na moto? Niazimie makala kidogo, batoto habayakunywa.»

Huku kwetu hakuna mwenye ananyima jirani moto. Niliingia, nikachota makala ku babula yenye ilikuwa inachoma salon ya papa, nikamutilia mu chungu juu ya fensi. Aliona mikono yangu, aliona moshi inatoka ku madirisha. Aliniangalia. Alikuwa anangoja niseme kitu. Na nilifikiri kumuambia, ninaapa nilifikiri. Nilifikiri: mweleze, aondoe ile mikeka, apige simenti yake nyundo. Lakini nilifikiri pia: manyumba mawili ikiharibika siku moja, komanda ataelewa kama ni mupango, atatutosha bote babili kwa hasira tu. Iharibike moja. Iharibike yangu. Hiyo njo nilichagua, na nilijua ninachagua.

«Ninapasua kuni,» nilimuambia.

Alisema wasingya, akaenda na moto yake.

Papa alirudi saa sita. Nilikuwa ku koridori, shoka mbele yangu. Alifika ku mulango, akainama, akatosha biatu. Alikuwa amezoea. Alibiweka inje pembeni ya mulango, akaingia na soksi, akatembea polepole juu ya mapande na masizi, mpaka fasi yenye mama alilalaka. Alichuchumaa, alipitisha kidole mu mukato moja.

«Ulivuka mishipa,» alisema.

«Ndiyo, papa.»

«Ulifanya bizuri.»

Kisha alienda kulala jikoni na mi nilifagia jivu kidogo, si yote.

Posho komanda alifika na camion, lori yake ya basoda, matela ya kulalia juu, viti, frigo. Aliingia peke yake. Alisimama fasi ileile. Hakukuwa uongo ya kumudanganya nayo, alikuwa ameiona Kazi Ine inangaa, sasa ilikuwa maduara tano mupya na shoka kila fasi. Aliniuliza tena: «Nani alifanya hii kazi?»

«Ni miye,» nilisema. «Baridi ilikuwa mingi, komanda. Tulipika ndani.»

Alinipiga kofi yenye ilinitupa ku ukuta. Sikio ya kushoto haikurudi kusikia bizuri hata leo. Papa alisimama kati yetu na komanda akamusukuma na kidole kimoja, polepole, sawa unasukuma mulango. Aliangalia chini tena, na kweli niliona uchungu mu uso yake, uchungu ya mutu mwenye anapenda mbao. «Mwasi oyo aza na liboma,» aliambia soda yake, kama huyu mwanamuke ni mwendawazimu, na akatoka.

Ku geti alisimama. Aliangalia kushoto. Aliangalia kuume. Camion ilikuwa pale na mizigo juu, bakubwa bake balikuwa banafika, hakuweza kurudi na frigo yake. Alinyoosha mukono ku nyumba ya mama ya mapacha.

Balimupa saa moja. Soda alivuta ile mikeka na buti, akaona simenti nyekundu, akapiga firimbi. Mi nilitoka mu barabara na sikio yangu inavuma, nilitaka nimusaidie kubeba. Alikuwa na mutoto mumoja ku mugongo, mumoja ku mukono, godoro ku kichwa. Alikuwa anashuka Beni, kwa dada yake. Nilishika ncha ya godoro. Alisimama. Hakulia, hakupandisha sauti. Aliniangalia bizuri, sawa vile aliniangalia ku fensi.

«Nilisikia shoka yako asubui yote, madame,» alisema. «Ungeniambia tu. Hata miye niko na shoka.»

Alivuta godoro yake mu mukono yangu, akaenda.

Hakurudi. Vita ilipoisha, ile nyumba iliuzishwa na batu benye sibajui. Nilimutafuta Beni mara mbili, soko kwa soko, na mara zote mbili ningemupata singejua niseme nini. Papa alikufa mu nyumba yake, juu ya mbao yake, tulimulaza siku mbili pale alitaka, na masizi ilikuwa pale, yangu, si ya basoda.

Batu banasema ita fundi. Banasema Beni kuna mashini. Ninajua kusugua, asante, ninajua kuliko fundi yabo. Kunywa chai yako. Na wewe mwenye unafika sasa, unainama ku mulango na kufungua kamba, acha. Kwangu batu banaingia na biatu.